Mwongozo kwa Mgonjwa Asiye na Ugonjwa

Kosa la kwanza hufanyika mlangoni, kabla hata hujakaa kwenye kiti. Daktari anakuuliza, "Hujambo?" Nawe, kwa malezi mema uliyopewa na mama yako, unajibu, "Sijambo, daktari." Umekwisha. Umeamka saa kumi alfajiri, umepanda daladala mbili, umelipia kufungua faili, umekaa kwenye benchi la mbao mpaka makalio yamekufa ganzi, halafu mbele ya mtu aliyesomea maradhi miaka mitano unatamka kwa kinywa chako mwenyewe kwamba huna jambo. Anakuuliza za nyumbani, unasema nzuri. Za kazini, nzuri. Ndipo unapovuta pumzi na kusema, "Ila..." Lakini kalamu yake imeshaanza kuandika.

Lugha yetu ina neno la mzima na neno la mgonjwa. Mzima hana jambo. Mgonjwa anapewa pole. Mtu aliye katikati, anayekwenda kazini kwa miguu yake ilhali mwili umemgomea, hakutengewa neno. Mimi naishi huko katikati, huu ni mwaka wa tatu, na kwa kuwa wapangaji wapya wanahamia kila siku nimeona niwaandikie namna ya kukaa.

Dalili zangu nitazitaja haraka kwa sababu hata mimi zimenichosha. Usiku miguu inawaka moto kama nimekanyaga makaa. Asubuhi naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Nikisimama, moyo unakwenda mbio na kizunguzungu kinanishika. Vidole vinakufa ganzi vinapotaka. Na mara mbili tatu kwa wiki kichwa kinajaa ukungu, nasoma mstari mmoja mara nne bila kuuelewa. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi, maana mimi ni karani wa wakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Mstari mmoja ukikosewa, kontena la mtu linalala bandarini, na kila siku inayolala inalipiwa.

Sikuandika haya kwa sababu nimepona. Sijapona. Nimejifunza tu kuumwa kistaarabu.

Tafuta jina, hata la kuazima

Mgonjwa mchanga hudhani watu watamwuliza anaumwaje. Watakuuliza unaumwa nini. Mwenye malaria ana jina, kwa hiyo ana haki zake: siku tatu za kulala, uji wa ndimu, shemeji anakuja na machungwa kwenye mfuko. Mwenye presha ana jina, na akikunja uso kikaoni watu wote wanashusha sauti. Wewe usiye na jina ni mvivu. Bosi wangu aliniuliza mara ya kwanza, "Wamesema ni nini?" Nikamjibu bado wanachunguza. Akanitazama jinsi anavyomtazama mteja anayesema nyaraka ziko njiani.

Kwa hiyo azima jina. Mjini yako manne yanayopatikana bila shida, tena kwa bei nafuu.

Malaria ndiyo mlango wa mbele. Zamani ilitosha kusema "homa" ukapewa vidonge. Tangu Shirika la Afya Duniani liliposema mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa apimwe kwanza, siku hizi unachomwa kidole. Kipimo kikisema huna, usikate tamaa, atatokea mtu akuambie wadudu wamejificha. Kikisema unao, usifurahi mno vilevile: kipimo hicho cha haraka hutafuta protini ya vimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Nadhani mara moja nilitibiwa mzimu wa malaria niliyokwisha kuiua mwezi uliotangulia.

Na haya si maneno ya kibarazani. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Katika mafaili, 528 waliandikiwa malaria. Walipochunguzwa kwa makini, ambao homa yao ilitokana na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na mambo mengine, yakiwamo maradhi yatokayo kwa mifugo na panya ambayo ni nadra kutajwa kwenye chumba cha daktari. Naipenda mno hesabu hiyo. Naibeba kichwani kama wenzangu wanavyobeba matokeo ya Simba na Yanga, na ukungu haujawahi kuifuta.

Taifodi ni jina la heshima zaidi kwa sababu linakuja na namba. Kipimo chake kinachotumika sana mitaani kimebeba jina la Mfaransa Fernand Widal, aliyekieleza mwaka 1896, wakati reli ya kati haijaanza hata kujengwa. Hakitafuti bakteria wenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani makovu ya vita ambavyo mwili ulipigana, na katika nchi ambayo wengi tumeshakutana na taifodi au na jamaa zake, makovu hayo unaweza kuwa nayo huku ukiwa buheri wa afya. Ndiyo maana mtaani kwetu Mbagala kuna watu wenye "taifodi sugu" ya miaka saba. Wanadungwa sindano, wanapata nafuu ya wiki moja, wanapima tena, namba ipo palepale inawasubiri. Mimi nilikuwa nayo miezi mitano. Ulikuwa wakati mzuri. Ofisini waliniheshimu.

Yutiai nilipewa mara tatu. Sina la kuongeza.

Vidonda vya tumbo ndilo jina la nne. Bakteria wake anaitwa Helikobakta, na historia yake inavutia kuliko ugonjwa wangu: mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alikunywa kinywaji kilichojaa bakteria hao ili kuwaonyesha wabishi kwamba wanaumiza tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Sina ugomvi na Nobel. Lakini hapa Afrika wengi wetu tunaishi na bakteria hao tangu utotoni bila habari, kwa hiyo kuonekana kwao tumboni mwangu hakukueleza kwa nini miguu inawaka. Nilimeza dawa zote siku 14. Tumbo, ambalo halikuwa likiniuma, likaanza kuuma.

Jiandae kwa sekunde 11

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walisikiliza mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, wakakuta mgonjwa akianza kujieleza hukatizwa baada ya sekunde 18 hivi. Utafiti mwingine wa hukohuko, uliochapishwa mwaka 2018, ukapata sekunde 11. Mwaka 2017 zikatoka takwimu za nchi 67 kuhusu muda ambao mgonjwa hukaa na daktari wa kawaida: Sweden dakika 22 na nusu, Bangladesh sekunde 48. Salamu za watu wa kwetu Pangani peke yake, zikitolewa kwa haki, haziishi ndani ya sekunde 48.

Kwa hiyo fanya mazoezi mbele ya kioo. Usianzie kwenye historia. Mimi nilikuwa naanzia harusi ya binamu yangu, kwa kuwa siku ile ndipo miguu ilipowaka kwa mara ya kwanza, na daktari mmoja alinikatiza kwa kusema "hongereni". Usiseme umechoka. Kuchoka kila mtu amechoka. Daktari mwenyewe amechoka kuliko wewe na hajaandikiwa chochote. Usiseme "nimesoma mahali". Na usitaje dalili zaidi ya mbili. Dalili moja ni ugonjwa, mbili ni kisa, saba ni tabia.

Swali gumu ni hili: utachagua zipi mbili? Nilipotaja moyo, nilipelekwa kwa bingwa wa moyo. Akapima, akatazama, akasema moyo ni mzuri sana, nenda kwa mtu wa mishipa ya fahamu. Wa mishipa ya fahamu akanigonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira, akasema kwa upande wake hakuna tatizo, muone wa mifupa. Wa mifupa akapiga picha ya mgongo, akaona pingili zimechakaa kidogo kulingana na umri, akaandika vidonge vya maumivu na kusema huenda ni tezi. Tezi nayo ikapimwa. Ilikuwa nzima.

Kazi yangu ilinifundisha kuitambua hali hiyo. Mzigo unafika bandarini, nyaraka zinapita dirisha hadi dirisha, kila dirisha linagonga muhuri wake na kusema upande wangu hauna dosari, na jioni mihuri yote iko sawa ila mzigo bado umekaa pale pale. Mwenye mzigo akilalamika anaambiwa, "Kwani sisi tumekukatalia?"

Mwisho wa madirisha hayo yupo daktari mwenye huruma anayevua miwani na kusema, "Una mawazo." Kwa Kiswahili cha hospitali, mawazo ni ugonjwa, na tiba yake ni kuyapunguza. Nilimwuliza kwa adabu nianze na lipi, la ada ya mtoto au la kodi ya nyumba. Akacheka, nikacheka, tukaagana vizuri. Sikatai kwamba mawazo huumiza mwili. Naamini kabisa huumiza. Nilichokataa ni kupewa jina hilo kwa sababu tu majina mengine yameisha kwenye rafu.

Namna ya kupokea majibu mazuri

Hili halifundishwi popote. Mhudumu wa maabara anakukabidhi karatasi, anatabasamu, "Safi kabisa, huna kitu." Watu wote wanakungoja ufurahi. Mke wangu alimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale kwenye korido. Mimi nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni kama mtu aliyefeli mtihani. Ni aibu kusema, lakini nilikuwa nimeomba lionekane jambo dogo, kitu chenye dawa, angalau chenye herufi tatu.

Fanya hivi: furahi kwanza, kwa ajili ya familia. Huzuni iache mpaka usiku. Halafu uikariri tofauti moja ambayo hakuna aliyenieleza mpaka nilipoigundua mwenyewe. Karatasi haisemi huna kitu. Inasema kile walichokitafuta hakikuwapo. Ukimtafuta mbuzi kwenye zizi la kuku ukamkosa, hujathibitisha kwamba mbuzi amekufa.

Nimepata faraja ya ajabu kwa wasichana wa shule ya Kashasha, jirani na Bukoba. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Mpaka shule inafungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengine wakicheka na kulia kwa saa nyingi, na kicheko kikawafuata vijijini. Madaktari walikwenda, wakachukua damu, wakachunguza hata maji ya uti wa mgongo. Vipimo havikuonyesha kitu. Siku hizi watu duniani husimulia kisa kile kama kichekesho, kwa sababu ya neno kucheka, na wengine hutia chumvi. Wahaya walioishi nacho waliuita ugonjwa wa kucheka, wakauogopa. Hakuna mzazi aliyemwambia binti yake, damu yako ni safi, kwa hiyo hucheki.

Wapokee washauri wote

Mama yangu alitoa uamuzi wake kwa simu kutoka Pangani, bila kipimo: nimepigwa jicho. Alitaja hata mwenye jicho, ambaye mimi namdai fedha. Nilikwenda nyumbani, nikasomewa, nikanywa kombe, maji ya zafarani ya maandishi yaliyooshwa kwenye sahani. Nililala vizuri siku mbili. Nasema ukweli. Sijui kama ni kombe au ni kwamba nililala kitandani nilikozaliwa na mtu akanishika paji la uso bila kutazama saa.

Jirani yetu alileta mwarobaini. Mti huu, kama jina linavyojigamba, unatibu maradhi arobaini. Niliunywa wiki tatu, uchungu wake ukanitoa machozi, na hitimisho la kitaalamu ni kwamba mimi ninaumwa la arobaini na moja. Akaja mwingine na habasoda, ambayo husemwa inatibu kila kitu isipokuwa mauti. Ikabidi nijiulize maswali.

Kazini, mwenzangu wa meza ya pili alisema ni upungufu wa damu, ninywe rosela. Wa meza ya tatu akasema ni gauti, niache nyama. Dereva akasema ni godoro.

Kwenye nguzo ya umeme karibu na kituo cha daladala kuna tangazo la mganga: nguvu za kiume, kumrudisha mpenzi, kupanda cheo, mali iliyopotea, miguu kuwaka moto. Nilisimama. Kwa mara ya kwanza nikaona dalili yangu imeandikwa hadharani, tena kwa herufi kubwa. Nilipiga ile namba. Akaniuliza jina la mama yangu na kiasi kilichomo kwenye simu yangu.

Usiwacheke wanaohangaika huko. Mwaka 2011, mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alipokuwa akitoa kikombe kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini. Mimi nilikuwa kijana mzima wakati ule, nikawacheka. Sasa naielewa foleni ile, na sina nia ya kuitetea dawa. Wapo waliokatiza matibabu yao ya maana kwa ajili yake wakaumia. Naielewa foleni. Bei ilijulikana, kipimo kilijulikana, na mwenye jina la ugonjwa alipewa kikombe kilekile alichopewa asiye nalo.

Daktari Google mtembelee mchana tu. Usiku, ukianza na ganzi ya vidole, baada ya kurasa tatu utakuwa unaandika wosia.

Hapa naomba niweke mzaha pembeni kidogo. Kifua kikibana, upande mmoja wa mwili ukilegea ghafla, mdomo ukipinda, damu ikitoka pasipostahili, au uzito ukipungua bila sababu, funga mwongozo huu uende hospitali sasa hivi, na useme una jambo kabla ya salamu.

Na kama wewe ni mwanamke, zidisha kila kitu mara mbili. Mdogo wangu wa kike alianza kuumwa na tumbo la mwezi akiwa na miaka 14, anazimia shuleni, anatapika. Aliambiwa ndivyo wanawake walivyo. Alipokua akaambiwa akizaa litaisha. Akazaa. Halikuisha. Akaambiwa ni chango, akapewa mizizi ya kuchemsha. Akaambiwa ni mawazo. Akaambiwa anamkimbia mume. Akiwa na miaka 29 daktari mmoja alimtazama tumboni kwa kamera, akakuta tishu zinazofanana na za ndani ya mfuko wa uzazi zimeota nje yake. Endometriosisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa anao, karibu wanawake na wasichana milioni 190 duniani, na kwamba kutoka dalili hadi jina mara nyingi hupita miaka minne hadi kumi na miwili. Yeye alimaliza miaka 15. Hauna tiba ya kuumaliza, aliambiwa hivyo siku ileile. Alinipigia simu analia mpaka nikauliza kuna msiba gani.

"Kaka," akasema, "lina jina."

Nunua kaunta buku

Nilipoishiwa majina ya kuazima nilikwenda Kariakoo nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili. Si daftari dogo la shule. Hilo hupotea, na watoto huchora. Nilianza kuandika kama ninavyoandika mizigo: tarehe, saa, nimefanya nini, mwili umejibu nini. Bila kutafsiri. Ukiandika "presha imepanda", umeshajipa ugonjwa. Andika "nimesimama kwenye foleni ya benki, masikio yamejaa ngurumo, nimelazimika kuchuchumaa".

Wazo hili si langu, ni la Wamakonde. Mwaka 1952 na 1953 homa kali iliwaangusha watu wa Newala, kwenye uwanda wa Makonde, ikawashika viungo mpaka wakatembea wamepinda. Hapakuwa na jina la kitabuni. Wenyewe hawakulingojea. Waliutazama mwili unafanya nini, wakauita ugonjwa kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjika: chikungunya. Madaktari walipokuja na vifaa vyao waliandika neno lilelile, na leo daktari wa Paris akitaka kuutaja hana budi kupinda ulimi Kimakonde. Ugonjwa ndugu yake ulizuka Uganda mwaka 1959, Waacholi wakaupa jina la o'nyong'nyong, nalo likapokewa vilevile. Na Unguja ya karne ya 19, ambako daktari James Christie alikuwa akifanya kazi, watu walikuwa na homa ya kuvunja viungo waliyoiita kidinga pepo. Wapo wataalamu wanaoamini kwamba dengue, hii hii iliyotusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, ilichukua jina lake kwetu.

Wagonjwa hao hawakuwa na maabara. Walikuwa na macho, na lugha isiyoona haya kutaja goti.

Basi, ugonjwa wangu nimeuita Makaa. Nyumbani wameuzoea. Mke wangu haniulizi tena kama nimepona, swali ambalo lilikuwa likitugombanisha, ananiuliza, "Makaa yameamkaje?" Nami namjibu kwa takwimu. Mwanangu wa darasa la nne alimwambia mwalimu kwamba baba hawezi kuja kikaoni kwa sababu ya makaa, mwalimu akatuma salamu akiuliza kama tunauza kwa gunia au kwa debe.

Miezi minne ya kaunta buku ilionyesha vitu ambavyo sikuwa navyo kichwani. Siku mbaya zilifuata siku za joto kali. Zilifuata asubuhi nilizokwenda kazini bila chai. Na kila penye ukungu, nikirudi nyuma mistari miwili, palikuwa na kusimama: foleni, daladala iliyojaa, msibani nje ya turubai. Nikaanza kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa ya ukutani. Nikiwa nimelala, 74. Dakika kumi baada ya kusimama, nikiwa nimeegemea kabati, 116. Nilirudia siku tisa. Hakuna bingwa aliyewahi kunipima nikiwa nimesimama. Wote walinipima nikiwa kitini, mahali ambapo mwili wangu hauna malalamiko.

Siku ya zamu

Ukifika hatua hii, usimwendee tena daktari mkubwa. Mwendee aliyechoka zaidi. Mimi nilimpata kwa bahati, hospitali ya serikali, saa mbili asubuhi: daktari kijana, bado yuko kwenye mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo, macho mekundu, koti la jana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo," akasema, akapiga mwayo uliomtoa machozi. Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza. "Nimekesha tangu juzi," akasema. "Na wewe, baba?"

"Mimi nina jambo," nikasema, nikaweka kaunta buku mezani.

Hakunikatiza, nadhani kwa sababu hakuwa na nguvu za kufanya hivyo. Alifungua, akasoma kurasa za mwanzo kwa haraka, za katikati taratibu, akarudi nyuma. Alipofika kwenye mapigo akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia hakuna. Akanilaza kwenye kile kitanda chembamba chenye mpira wa kijani, akanipima presha na mapigo. Akanisimamisha ukutani, akasimama nami, akapima tena, akangoja, akapima, akangoja. Nje watu walianza kugonga. Dakika kumi za nchi hii, msomaji, kitanda kimoja na saa moja. Katika miaka mitatu na kila mashine niliyoingizwa, hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha kwanza kilichonipata nikiwa naumwa.

Alirudi mezani akaandika kwa muda. Mimi karani, kusoma karatasi juu chini ni sehemu ya kazi, nikachungulia. Kwenye mstari wa ugonjwa, pale ambapo wenzake waliwahi kunijazia malaria, taifodi na mawazo, aliweka alama moja ya kuuliza, kubwa, akaacha nafasi mbele yake.

"Hiyo ni nini, daktari?"

"Sijui bado," akasema. "Kuna kitu nakishuku, lakini sitaki nikitaje leo halafu ukakishike kikubane. Nitamuuliza mwalimu wangu. Rudi baada ya wiki mbili na hilo daftari. Kunywa maji, ongeza chumvi kidogo, usiamke kwa pupa." Kisha akamwita aliyekuwa akigonga.

Nilifika kazini saa tano. Bosi alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Haya, wamesema ni nini?"

Nikamwambia nyaraka ziko njiani.